Mtoto aliyelala na viatu

Darasa langu ni la watoto wa miaka mitatu, na saa ngumu kuliko zote ni ile ya kulala mchana. Mwaka juzi nilikuwa na mvulana aliyekataa katakata kuvuliwa viatu. Wenzake wakijilaza, yeye hukaa kitako, mgongo ukutani, macho mlangoni. Nikamwita mkaidi. Siku moja nikamvua kwa nguvu. Hakulia. Alikakamaa kama gogo, akajikojolea, akakodolea dari mpaka wenzake wakaamka. Kilio cha watoto nimekizoea. Kule kutolia ndiko kulikonitisha.

Nikaongeza kosa juu ya kosa. Jioni nilimuuliza mama yake langoni, mbele ya wazazi wengine: "Huyu mtoto ana tatizo gani?" Siku mbili hakumleta.

Mama aliporudi nilimwomba radhi. Tukakaa kwenye vile viti vidogo vya darasani, magoti yakikaribia kidevu, na safari hii sikuuliza kitu. Akasema mwenyewe: walitoroka kipigo usiku wa manane, mtoto akiwa peku.

Kwenye semina moja tuligawiwa fomu ya maswali kumi, iliyotokana na utafiti wa 1998 wa madaktari wa Marekani, Felitti na Anda, kuhusu madhila ya utotoni, ili tumpe kila mtoto alama kwa madhila aliyopitia. Sikuipenda. Anda mwenyewe na wenzake waliandika mwaka 2020 kwamba alama hizo hazikutengenezwa kumpima mtu mmoja mmoja. Na alama gani ingenieleza habari ya viatu?

Basi tukamwacha alale navyo. Godoro lake tukalisogeza pale anapouona mlango. Kabla sijamgusa, namwambia nataka kufanya nini. Mpangilio ni uleule kila siku: pazia, shuka, taa. Akishikwa na hofu nakaa chini, nashusha sauti, simuulizi "kwa nini", maana hata yeye hajui.

Mtoto wa umri huo mara nyingi hawezi kujituliza peke yake; huazima utulivu wa mtu mzima. Lakini mama naye alikuwa hana utulivu wa kumkopesha. Ndiyo maana nilifurahi walipopata mshauri anayewaona wote wawili pamoja, mtoto akicheza sakafuni na mama akiwa kando yake. Wanasaikolojia Alicia Lieberman na Patricia Van Horn waliijenga tiba ya namna hiyo kwa watoto wasiofika miaka sita. Kwangu mimi kazi ilikuwa ndogo zaidi: kuacha kumuuliza mama kwa nini amechelewa, na kumpokea kwa habari moja njema ya siku hiyo.

Wiki ya saba mtoto alivua kiatu kimoja, akakikumbatia, akasinzia. Jioni nilipomweleza mama yake, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Cha kushoto au cha kulia, mwalimu?"