Mstari mweusi kwenye karatasi nyeupe

Mashine ya kiwandani ya SPR, kifaa kinachotumia mwanga na dhahabu kuona molekuli zikinata, ukiiuza, unajenga nyumba nzuri tu hapa Dodoma. Mimi nilikuwa na leza nyekundu, prizimu ya kioo, lenzi moja, kamera ya kompyuta na vioo sita vilivyopakwa dhahabu. Nilitaka kupima sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu ya ukungu wa nafaka na karanga. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na mimi nimekulia Kongwa, nyumba ya karanga na mahindi. Sikuhitaji kushawishiwa.

Mpangilio wenyewe ni wa tangu 1968, wa Kretschmann na Raether. Unapitisha mwanga ndani ya prizimu mpaka ugonge utando wa dhahabu wenye unene wa nanometa 50 hivi. Karibu pembe zote mwanga unarudi, ila kuna pembe moja ambapo elektroni za juu ya dhahabu hucheza kwa mdundo mmoja na mwanga na kuumeza. Ukiutawanya mwanga kwa lenzi, unaona kwenye karatasi nyeupe mstari mweusi katikati ya wekundu. Pembe hiyo inategemea kilichogusa dhahabu upande wa pili, umbali wa nanometa mia mbili hivi, si zaidi. Molekuli ikinata pale, mstari unasogea. Huweki rangi wala alama yoyote, unakaa tu na kutazama vitu vikishikana na kuachana.

Wiki mbili sikuona mstari wowote. Nilibadilisha prizimu, nikasafisha dhahabu, nikalaumu vumbi la Julai. Siku moja fundi sanifu wetu, mzee wa makamo, akapita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo leza yako umeilaza au umeisimamisha?"

Nikaizungusha robo mzunguko. Mstari ukatokea pale pale, mweusi kama wino. Plazmoni, yaani ule mdundo wa elektroni, hukubali mwanga unaotikisika upande mmoja tu, na mimi nilikuwa nikiupeleka ule mwingine. Mzee hakusema neno, akaendelea na chai yake.

Kupima kama kifaa kinasema kweli nilitumia sukari ya dukani. Maji matupu yana fahirisi ya upindaji mwanga 1.333, maji yenye sukari asilimia 10 kwa uzito, 1.348. Mstari ulihama zaidi ya digrii mbili, ukarudi nilipoosha. Sukari ndiyo ikawa rula yangu.

Kilichonitesa ni joto. Nilipakia protini, nikakaa kusubiri mchoro wa mwendo wa mstari, nao ukateremka kutwa nzima kama mtu anayeshuka mlima, hata pale ambapo hapakuwa na kitu cha kunata. Joto la maji likipanda kwa nyuzi moja, fahirisi yake inapungua kwa takriban 0.0001. Ni kidogo mno, lakini ishara niliyokuwa naitafuta nayo ilikuwa ndogo kiasi hicho. Chumba chetu kinaangalia magharibi. Saa nane mchana hata pombe ya zabibu ingechemka humo.

Nikageuza ratiba: naingia saa kumi alfajiri, natoka saa tatu. Bafa (maji yenye chumvi ya kutuliza asidi) na kingamwili (protini zinazoikamata sumukuvu) zinalala usiku kucha mezani ndani ya boksi la samaki, zizoee joto moja na prizimu. Maji nayachemsha kwanza na kuyaacha yapoe, maana kiputo kimoja cha hewa kinaharibu kila kitu. Halafu nikagawa kioo njia mbili: moja ya kazi, nyingine yenye albumini tupu, protini ambayo kingamwili hazinati juu yake. Natoa ya pili kwenye ya kwanza, na joto linajifuta lenyewe, au karibu lote.

Sumukuvu yenyewe haionekani moja kwa moja. Molekuli ya B1, aina yake kali zaidi, ina uzito wa 312 tu, wakati kingamwili ina kama 150,000. Ni kutafuta sisimizi juu ya tembo. Kwa hiyo unageuza swali. Kwenye dhahabu unaweka albumini iliyobebeshwa sumukuvu. Unachanganya sampuli na kingamwili pembeni, kisha unapitisha mchanganyiko juu yake. Sumu ikiwa nyingi, kingamwili zimeshashikwa njiani, na mstari unasogea kidogo. Sumu ikikosekana, zinanata kwa wingi. Baadaye glaisini yenye asidi huzing'oa, kioo kinatumika tena.

Alfajiri moja michoro mitano ikajipanga vizuri, kuanzia sampuli isiyo na sumu hadi yenye nyingi, kila mmoja chini ya mwenzake. Nilimpigia mama Kongwa saa kumi na mbili kasoro. Alidhani kuna msiba.

Karanga halisi ni vita nyingine. Sumu unaitoa kwa methanoli, na methanoli inayobaki inausukuma mstari hata kabla kingamwili haijafika. Sasa hivi naizimua kwa bafa hatua kwa hatua, nikiangalia ni wapi inanyamaza. Vioo vimebaki viwili. Nimevifungia kabatini, na ufunguo ninao mimi.