Mlevi wa saa nane usiku

Usiku wa kuamkia leo hakuna aliyepigwa. Kitabu cha matukio kina mistari mitatu tu: gari lililoziba njia ya ambulensi, mzee aliyetoka wodini kutafuta choo akakutwa kwenye ngazi za jengo la pili, na king'ora cha stoo ya dawa kilicholia kwa sababu fundi aliuacha mlango wazi. Nimekabidhi zamu na bado nimekaa ofisini. Nyumbani wanadhani mkuu wa ulinzi wa hospitali ya serikali huchelewa kwa sababu ya majambazi. Siku nyingi huchelewa kwa sababu ya karatasi.

Kesho asubuhi napokea askari wapya wanane. Nimezoea kuwaanzishia somo kwa kisa kile kile cha mwaka wangu wa kwanza hapa, na kila mara kuna sehemu ya mwisho ninayoiruka. Ngoja niiandike yote angalau mara moja.

Nilitokea polisi wa mitaani, nikaja nikiamini kwamba fujo ni fujo tu, popote ilipo. Saa nane usiku redio ikaita: mlevi anavunja vitu mapokezi ya dharura. Tulifika watatu. Mwanamume wa makamo, shati limelowa jasho, macho hayatulii, maneno hayashikani, ameshaangusha stendi ya dripu na anamsukuma kila anayemsogelea. Nilimwamuru atulie mara mbili, kwa sauti ile ya depo. Mara ya tatu tukamlaza kifudifudi sakafuni. Goti lililokuwa juu ya bega lake lilikuwa langu. Nakumbuka hata nilijisikia vizuri, kila kitu kilikwenda kama kwenye mafunzo.

Sista wa zamu, mama mfupi ambaye hadi leo sijamsikia akipaza sauti, akapiga magoti kando yetu, akamshika mtu yule kidole, akakichoma na kukiweka kwenye kile kipimo kidogo. Kikasoma 1.8.

"Afande," akasema, "ondoka juu ya mgonjwa wangu."

Baadaye alinieleza bila kunisimanga. Sukari ya mwenye kisukari ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, ubongo unaanza kukosa chakula chake. Ikipita chini ya 3, mambo yameharibika. Jasho, hasira, maneno ya ovyo, miguu isiyoshika njia: ndivyo inavyoonekana, na ndivyo ulevi unavyoonekana. Aliwekewa glukosi kwenye mshipa, na dakika chache baadaye yule "mlevi" alikuwa ameketi kitandani akiuliza kwa adabu kiatu chake cha kushoto kiko wapi.

Kudhani amelewa ni kosa ambalo mtu yeyote angelifanya. Kilichoninyima usingizi ni goti. Mtu aliyelazwa kifudifudi na uzito juu ya mgongo anaweza kushindwa kutanua kifua, na anayehangaika kutafuta hewa huonekana kama anayepigana, kwa hiyo anayembana huzidi kumbana. Watu wamekufa hivyo mikononi mwa askari, mbele ya mitungi ya oksijeni. Sasa amri yangu ya kwanza kwa kila zamu ni kwamba mikono ikishadhibitiwa mtu ageuzwe ubavu mara moja, na askari mmoja asishike chochote: kazi yake ni kuangalia uso na kuhesabu pumzi.

Amri ya pili iliwaudhi zaidi. Mgonjwa anashikwa kwa neno la daktari au muuguzi, na anaachiwa kwa neno lao. Sisi ni mikono. Mgeni aliyekuja na kisu ni habari nyingine, huyo ni wangu na sheria zangu. Lakini aliyelala kitandani ni wao, hata akitutukania mama zetu. Kuna wazee wanaopatwa na maambukizi ya njia ya mkojo, akili ikavurugika usiku kucha, wakawapiga wauguzi, na wakipata dawa wanaamka siku nyingine wakiomba radhi kwa jambo wasilolikumbuka. Kuna waliogonga vichwa. Kuna waliotoka kwenye degedege dakika kumi zilizopita. Ukimwandika "mtuhumiwa" kwenye kitabu, umeshamaliza kufikiri. Nililifuta neno hilo kwa wagonjwa, na sajini wangu mmoja mkongwe akanuna mwezi mzima.

Sitaki nionekane nasema hakuna ukatili. Upo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hupigwa au kudhuriwa mwili wakati fulani katika maisha yao ya kazi. Nimewaona. Msichana wa maabara alivutwa nywele kwa sababu majibu yalichelewa. Na nikipitia kitabu changu cha matukio naona jambo ambalo sikulitegemea: ngumi nyingi hurushwa baada ya watu kukaa muda mrefu bila kuambiwa lolote. Kungoja peke yake watu wanakumudu. Wasichokiweza ni kumwona aliyekuja nyuma yao anaingizwa mbele, bila mtu kuwaeleza kwamba yule ana mshipa uliopasuka. Huwezi kumwambia mama mwenye mtoto anayetetemeka kwamba subira huvuta heri.

Nikaomba kila nusu saa mtu asimame mbele ya foleni aseme hali ilivyo, hata kama hali ni ile ile. Kwenye kikao mkubwa mmoja akaniuliza kama kamanda wa ulinzi sasa anataka kuwa msemaji wa hospitali. Kicheko kikapita mezani. Nilipouliza nani atafanya, wote wakatazama makabrasha yao. Kwa hiyo anafanya askari wangu, koplo mwenye sauti nzuri, anayepewa maneno na muuguzi mkuu wa zamu. Bado wakubwa wananiuliza kila mwisho wa mwezi nimekamata wangapi. Hakuna safu kwenye fomu ya kuandika wangapi hawakufika mahali pa kukamatwa.

Kuhusu silaha nitakuwa mfupi. Polisi wa nje wanaosindikiza majeruhi huacha bastola kwenye kabati letu lenye kufuli, wengine kwa kulalamika. Hawa wapya kesho nitawapitisha mbele ya chumba cha MRI, ile mashine ya sumaku kubwa inayopiga picha za ndani ya mwili, na kuwaambia kwamba sumaku ile iko kazini muda wote, hata usiku taa zikiwa zimezimwa na hakuna anayepigwa picha. Mwaka 2023 huko São Paulo, Brazili, mtu aliyemsindikiza mama yake aliingia na bastola kiunoni. Sumaku ikaivuta, ikafyatuka ikampiga tumboni, akafariki wiki kama tatu baadaye. Pingu, funguo, redio, rungu la chuma, vyote vinabaki nje. Kisa hiki hawakisahau, kwa hiyo sihitaji kukirudia.

Kinachohitaji kurudiwa ni kile cha wodi ya wazazi. Usiku mmoja nililetewa habari kwamba kuna mfungwa ameletwa na uchungu, na askari magereza amemfunga pingu kwenye chuma cha kitanda. Nilimkuta kijana mwenyewe amesimama pale amegeuzia uso ukuta, anaona aibu kuliko yeye aliyefungwa.

"Afande, nina amri," akaniambia kabla sijafungua mdomo.

Nilimwelewa. Mfungwa akitoroka, kazi imekwenda. Lakini Kanuni za Mandela kuhusu kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema wazi kwenye kanuni ya 48 kwamba mwanamke asifungwe pingu wala minyororo akiwa na uchungu, wakati wa kujifungua, wala mara tu baada ya kujifungua. Ukurasa huo nimeuchapa na uko ofisini kwangu. Nilimpelekea. Akausoma mara mbili, akapiga simu kwa mkubwa wake, akanipa simu, nikabishana na mkubwa huku mkunga akitutazama kama watoto waliokosa kazi. Mwishowe tukakubaliana: pingu zitoke, kijana akae mlango wa nje, na askari wangu wa kike akae nyuma ya pazia. Mtoto alizaliwa saa kumi na moja alfajiri. Kijana wa magereza ndiye aliyekimbia kutafuta blanketi.

Askari wangu hawalipwi vizuri na hawasalimiwi. Madaktari wanawaita "watu wa geti", hata walio ghorofa ya nne. Mwaka jana baba aliyefiwa na mwanawe alimpiga mmoja wao kofi mbele ya umati; askari akabaki mikono nyuma, akasema, "Pole sana, mzee," na yule baba akamwangukia kifuani akalia. Nilimwandikia barua ya pongezi. Wenzake walimcheka: barua ya kupigwa kofi! Nadhani hadi leo anaificha. Na mimi najiuliza kama nina haki ya kuwadai watu uvumilivu ambao mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza, sikuwa nao hata kwa dakika moja.

Ndiyo hiyo sehemu ninayoiruka. Siku kumi baada ya usiku ule, mwanamume wa makamo alikuja dirisha la vitu vilivyookotwa. Amenyoa vizuri, shati limepigwa pasi. Karani alikuwa ametoka, nikamhudumia mimi. Alitaja kiatu cheusi cha kushoto. Nilikitoa kabatini, akasaini daftari, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia deni:

"Samahani, Afande. Nasikia niliwasumbua sana usiku ule. Niliumiza mtu?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia pia kwamba mimi ndiye niliyempigia goti begani, na kwamba haikustahili.

Alinitazama kidogo. Hakusema amenisamehe wala hakukasirika. Aliinama, akaanza kuifungua ile kamba ya kiatu, bado ilikuwa na fundo la usiku ule, ikamchukua muda. Alipoinuka akaniuliza kliniki ya kisukari iko jengo gani, nikamwonyesha kwa mkono.