Madoa kwenye Ubavu wa Shaba

Alhamisi iliyopita jirani yetu hapa Kiamunyi alikuwa akimnyunyizia ng'ombe wake dawa ya kupe, na upepo ukaileta ile harufu hadi jikoni nilikokuwa nikikata sukuma wiki. Ni harufu isiyofanana na nyingine: kuna mafuta ya taa ndani yake, na kuna kitu kama samaki aliyelala. Nilikiweka kisu chini, nikakaa kwenye kigoda, na kwa muda mrefu sikuwa Kiamunyi tena. Nilikuwa Njoro, mwaka 1986, nina umri wa miaka 11, nimebeba mgongoni bomba la dawa lililokuwa likinivuta nyuma kwa uzito wake, na mbele yangu amesimama Shaba.

Shaba hakuwa wetu. Alikuwa farasi jike wa miaka mitatu, wa damu ya mbio, na kwenye karatasi zake aliandikwa jina refu la Kiingereza ambalo hakuna mtu wa laini yetu, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, aliyelitumia. Masaisi walimwita Shaba kwa sababu ya rangi yake, na jua la saa kumi lilipompiga ubavuni uliona wazi kwamba jina halikukosea. Baba ndiye aliyekuwa saisi wake tangu usiku aliozaliwa. Ndiye aliyemzoeza hatamu na lijamu, ndiye aliyemfundisha kuinua kwato bila kurusha teke. Nyumbani tulizoea kumsikia Baba akizungumzia siku ya Shaba kabla hajatuuliza sisi tumeshindaje, na sikumbuki yeyote kati yetu aliyelionea jambo hilo wivu.

Wazee wa laini walikuwa bado wakisimulia habari walizozipokea kwa baba zao, za Mwingereza aliyeitwa Clutterbuck, aliyefuga na kufunza farasi wa mbio hapo hapo Njoro mwanzoni mwa karne ile, na za binti yake, Beryl Markham, aliyekulia mazizini, akawa mfunzi wa farasi yeye mwenyewe, kisha akawa rubani na kuvuka Atlantiki peke yake Septemba 1936. Baba aliipenda hadithi hiyo, lakini kila ilipofika mwisho aliuliza swali lile lile: na masaisi wao, waliitwa nani? Hakuna aliyewahi kumjibu.

Sheria za zizi zilikuwa nyingi, ila mbili hazikuwa na mjadala. Ya kwanza, farasi wote wawe ndani kabla jua halijazama, kwa sababu visubi vinavyoleta ugonjwa wa farasi huuma zaidi kuanzia magharibi, na farasi aliyeupata anaweza kufa kwa siku chache hata kama jana yake alikuwa akikimbia. Ya pili, dawa ya kupe ya ng'ombe isimkaribie farasi hata kidogo. Dawa ile ilikuwa na amitrazi, ambayo ng'ombe huivumilia vizuri, lakini farasi humlegeza matumbo mpaka chakula kinakwama ndani. Kwa hiyo kupe wa farasi Baba aliwatoa kwa vidole, mmoja mmoja, akiwatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa.

Mimi niliijua sheria ya pili. Siwezi kusema sikuijua.

Alhamisi moja, ng'ombe walipokwisha kunyunyiziwa, bomba liliachwa nyuma ya banda likiwa na dawa kidogo chini. Baba alikuwa amekwenda stoo kuchukua pumba. Shaba alikuwa na kupe, niliwaona chini ya mkia na kwenye mkunjo wa paja, na nikawaza jinsi Baba angekuja na kopo lake mgongo ukimuuma, akainama saa nzima. Nililibeba bomba, nikapampu, nikampulizia Shaba upande wa kushoto kuanzia begani mpaka pajani. Ule mlio wa dawa ikitoka ulimshtua akajibana ukutani, nami nikaogopa, nikaacha. Nilimpangusa kwa gunia, nikaimwaga dawa iliyobaki, nikalisuuza bomba na kulirudisha nilipolikuta. Usiku kucha nilisikiliza kama kuna farasi anayelia. Asubuhi Shaba alikula chakula chake chote, na kwa siku kadhaa niliamini kwamba jambo limepita.

Kabla mwezi haujaisha madoa yakaanza kutokea. Yalikuwa meupe kabisa, mengine kama punje ya mchele, mengine yakifikia ukubwa wa kifungo cha shati, yametawanyika mbavuni na mapajani bila mpangilio wowote, kama vile mtu amechovya brashi kwenye chokaa na kuikung'utia karibu naye. Baba alijaribu kuyaosha kwanza, akidhani ni uchafu. Kisha akaacha kuosha.

Ilitokea kwamba mnunuzi kutoka Nairobi alikuwa anangojewa, mtu aliyemtaka Shaba kwa mbio za Ngong. Mwenye shamba alipoyaona madoa, akasema mbele ya watu wote kwamba farasi ameumizwa. Na kwa kweli mtu anayewajua farasi ana sababu ya kuwaza hivyo, kwani tandiko lisilokaa vizuri likibana ngozi siku nyingi, chembe zinazotia nywele rangi hufa, na nywele zikiota tena huota nyeupe na kubaki hivyo maisha yote. Watu husoma alama hizo kama barua ya kumshtaki saisi. Baba alimweleza kwa heshima kwamba tandiko halifiki pajani. Mwenye shamba akasema, basi ni dawa. Akauliza ni nani aliyemmwagia farasi dawa. Nilikuwa nimesimama karibu na pipa la maji, hatua kumi hivi kutoka hapo, na nilimsikia Baba akijibu, "Farasi yuko chini yangu, Bwana." Hakuongeza neno.

Usiku ule hakula. Alikaa nje kwa muda, kisha akaingia na kusema, "Maitu, chukua kandili twende." Aliniita Maitu, yaani mama kwa Kikuyu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na alipokuwa na hasira hakuwahi kuniita hivyo, ndiyo maana nilizidi kuogopa. Tulipita kwenye ukungu wa Njoro, ule unaoshuka kutoka Mau na kukulowesha nyusi, na hakusema lolote njia nzima. Zizini kulikuwa na joto la wanyama na harufu ya luseni. Shaba aliacha kutafuna, akageuza shingo, akamtambua, akaendelea.

Baba alilichukua kandili na kulitundika kwenye msumari, akaushika mkono wangu mahali unapoanza kiganja, kama vile mtu anavyomshika mtoto anayemfundisha kuandika. Kwa kidole gumba cha mkono wake mwingine na changu aliyatenganisha manyoya kuzunguka doa moja, mpaka tukaiona ngozi. Nilitazamia kuona kidonda. Nilikuwa nimekwisha kukiona mara nyingi kichwani mwangu, chekundu, chenye maji. Lakini pale chini ngozi ilikuwa nyeusi kijivu, ile ile iliyokuwa pande zote, wala haikuwa na ukoko. "Weka kidole," akasema. Nikaweka. Ilikuwa laini na vuguvugu, ikiteleza juu ya ubavu bila kukwama popote, na chini yake nilisikia Shaba anapumua. "Kovu lina mdomo," Baba akasema kwa sauti ya chini. "Ukilipapasa linakujibu. Hili halisemi kitu. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Tukaenda kwenye doa la pili, na la tatu, na la nne, kila mara akinitaka niweke kidole na kuniuliza kama nimesikia. Kisha tukapita chini ya shingo ya Shaba, tukaanza upya upande wa kulia, doa kwa doa, hadi mkono wangu ukawa unanuka farasi mpaka kwenye kiwiko. Hakuniuliza swali jingine lolote. Mimi nililia kwa kimya, uso umegeukia ukutani, na kama aliniona hakunionyesha.

Yaliyofuata yalikuja haraka. Mnunuzi alipunguza bei, Shaba akaondoka kwenye lori, na Baba akahamishiwa kwenye pareto, ambako mshahara ulikuwa mdogo na hakukuwa na mnyama yeyote wa kumngojea asubuhi. Kabla ya mwaka kwisha, saisi mmoja aliyemfuata Shaba huko alikokwenda alileta habari kwamba manyoya yamekuwa ya shaba tupu tena, na kwamba hakuna aliyeweza kuonyesha madoa yalikuwa wapi. Baba aliitikia kwa kichwa, akaendelea kufunga gunia lake.

Kwa zaidi ya miaka 30 niliishi nikijua kwamba nilimfukuzisha Baba zizini. Nilisomeshwa kwa fedha za pareto, nikaolewa, nikapata watoto, na jambo hilo nilikuwa nalo. Ni mwaka jana tu, nikisoma habari za rangi za wanyama kwa sababu nyingine kabisa, nilipokutana na farasi aliyeitwa Birdcatcher, aliyezaliwa Ireland mwaka 1833, mwenye rangi kama ya Shaba na vidoa vyeupe vilivyotawanyika mwilini. Baba yake, Sir Hercules, alikuwa mweusi mwenye nywele nyeupe hapa na pale. Damu ya Birdcatcher, hasa kupitia kwa mjukuu wake Stockwell, imeenea kwa farasi wa mbio karibu wote walioko duniani leo, na mpaka sasa vidoa vya namna hiyo huitwa kwa jina lake. Huweza kujitokeza kwa farasi mzima wa afya bila kidonda wala ugonjwa wowote, na huweza kutoweka kama vilivyokuja. Si mbalanga, kwa sababu mbalanga ya farasi huondoa rangi ya ngozi yenyewe, na mara nyingi huanzia puani na kuzunguka macho. Si alama za kuungua pia, kwa kuwa ngozi iliyoungua hupukutisha nywele kwanza, huota ukoko, na mtu anayempiga farasi brashi kila asubuhi lazima angeona.

Nilisoma ukurasa ule mara tatu, na mara ya tatu ndipo mkono wangu ulipokumbuka kile ambacho akili haikuwahi kukihesabu. Nilikuwa nimeweka kidole kwenye madoa ya pande zote mbili. Dawa niliipulizia upande wa kushoto peke yake. Kama madoa yangetokana na bomba langu, upande wa kulia, uliokuwa umebanwa ukutani, ungebaki safi. Hoja hiyo ingetosha kumtetea Baba mbele ya mtu yeyote mwenye haki, lakini asiyejua kwamba dawa ilipita kushoto tu asingeweza kuitoa, na mimi niliyejua nilikuwa nyuma ya pipa la maji.

Mwaka mzima sikumwambia. Nilikuwa nikijiambia kwamba ni mzee, ana miaka 79, kwamba mambo ya kale yaachwe yalale, na nadhani pia niliogopa kuanza na habari njema ya Birdcatcher kisha nilazimike kumweleza kwa nini habari hiyo ni njema kwangu. Alhamisi, harufu ile ilipokuwa bado jikoni, nilimpigia simu.

Nilimweleza kwanza kuhusu farasi wa Ireland. Alisikiliza kwa makini, akaniuliza rangi yake hasa, akaniuliza kama kimo chake kimeandikwa. Kisha nikamwambia kuhusu bomba. Niliyasema yote kwa mkupuo mmoja, tangu kupe waliokuwa chini ya mkia mpaka gunia nililompangusia, na nilipomaliza nilisikia kuku wake wakilalamika nyuma yake na redio ya mtu ikiwa mbali.

"Ulimpulizia upande gani?" akauliza.

"Wa kushoto, Baba. Wa kushoto tu."

Akanyamaza kidogo. "Kushoto yalikuwa 11," akasema. "Kulia yalikuwa 14. Niliyahesabu jioni ile, kabla sijaja kukuita."

Nilitaka kumuuliza kwa nini alihesabu upande kwa upande, na kama bomba alilikuta limelowa, na ile "umesikia" aliyokuwa akiirudia zizini alikuwa akimwambia nani. Lakini alikuwa ameanza kuniambia kwamba mawingu yamefunga upande wa Mau na matone ya kwanza yamekwisha kuanguka, na mahindi yake bado yako uani, na kwamba itambidi akate simu ili akayaanue.