Nilivyosimamia maombi ya shule ya ufundi Massachusetts

Huku Massachusetts mtoto anaomba shule ya ufundi kwanza. Fani inafuata baadaye. Wengi wetu tuliotoka Kongo, Burundi na Tanzania hatulijui hilo. Tunamaliza nguvu zote kwenye kumwingiza shuleni, na akishapokewa tunaona kazi imekwisha. Mimi nimesimamia maombi ya watoto wawili. Mkubwa aliingia wakati alama na usaili bado vinahesabiwa, mdogo ameingia kwa bahati nasibu. Kwa wote wawili niliigawa kazi mara mbili: kuingia shule wakiwa darasa la nane, kisha kupata karakana wanayoitaka wakiwa darasa la tisa. Hapo pa pili ndipo penye ushindani wenyewe.

Shule hizi zinaendeshwa chini ya Sura ya 74 ya sheria za jimbo. Ni za serikali, hazina ada, na mtoto anahitimu na diploma ya sekondari kama wenzake wote, pamoja na cheti cha fani. Kwa kawaida wiki moja ni ya hesabu, Kiingereza na sayansi, wiki inayofuata yuko karakana kutwa nzima.

Kanuni za kupokea watoto zilibadilishwa Mei 2025 na bodi ya elimu ya jimbo, kuanzia kundi linaloingia vuli ya 2026. Alama za darasani, barua ya mshauri wa shule na usaili vimeondolewa. Waombaji wakizidi nafasi, shule inachezesha bahati nasibu. Ila bahati nasibu hiyo si lazima iwe sawa kwa wote: shule inaruhusiwa kumwongezea uzito mtoto mwenye mahudhurio mazuri, asiye na kosa kubwa la nidhamu, na aliyeonyesha nia. Kwa hiyo mzazi bado ana la kufanya, na la kufanya lenyewe linaanza darasa la saba.

Mahudhurio ndiyo yanayowaangusha watoto wetu. Kinachohesabiwa ni siku za kukosa bila udhuru, na siku hizo nyingi tunazitengeneza wenyewe: mtoto amepelekwa kliniki lakini karatasi ya daktari haikufika shuleni, au, baya zaidi, amebakizwa nyumbani ili akamtafsirie mama kwenye ofisi ya misaada. Hilo la pili naliomba tuliache kabisa. Hospitali na ofisi nyingi zina mkalimani wa bure, na siku ya mtoto ni ya mtoto. Kwenye hizo siku za kliniki, niliomba karatasi kabla ya kutoka mapokezi, nikaipiga picha, nikaipeleka ofisi ya shule siku ileile. Kila mwisho wa mwezi nilifungua akaunti ya mzazi mtandaoni nikatazama kila siku aliyokosa imeandikwaje. Ukikuta "bila udhuru" mahali ambapo karatasi unayo, wapelekee ile picha mapema. Kusahihisha siku ya wiki iliyopita ni rahisi. Ya mwaka jana hakuna anayeikumbuka.

Kuonyesha nia maana yake ni kufika. Shule nyingi hufungua milango jioni moja mwezi wa Oktoba au Novemba, na kuna ziara za mchana kwa wanafunzi wa darasa la saba na la nane. Ukifika, hakikisha jina la mtoto limeandikwa kwenye orodha ya waliohudhuria, lake yeye, maana wazazi wengi huandika la kwao. Ikiwa shule inataka insha fupi, mwache aandike mwenyewe.

Fomu yenyewe ni ya mtandaoni na haichukui saa moja. Tatizo ni majina. Mtoto aliyekuja na karatasi za ukimbizi mara nyingi ana majina matatu, na huku la ukoo limewekwa mbele, kule limewekwa mwisho. Ukiandika tofauti na kumbukumbu za shule, ofisi inashindwa kuunganisha fomu na mahudhurio yake, na ombi linakaa bila kukamilika mpaka tarehe inapita. Chukua ripoti ya mwisho ya shule, iweke mezani, nakili jina herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa vilevile, hata kama ni ile ya tarehe 1 Januari mliyopewa kambini. Pia muulize mshauri wa shule namba ya mwanafunzi ya jimbo, yenye tarakimu 10. Hiyo haichanganyi watu hata majina yakifanana.

Hawatakiwi kukuuliza hali yako ya uhamiaji. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982 kwamba shule ya umma haiwezi kumzuia mtoto kwa sababu hiyo. Wala Kiingereza kidogo si sababu ya kumkatalia: miongozo ya serikali kuu ya mwaka 1979 kuhusu elimu ya ufundi inakataza. Ukihitaji mkalimani, omba kwa maandishi mapema, na taja Kiswahili cha wapi. Mzazi wa Kivu akiletewa mkalimani wa Zanzibar wataelewana, lakini mambo ya mikataba na chanjo yataenda polepole. Kama Kinyarwanda au Kibembe ndicho unachokimudu zaidi, sema hivyo.

Majibu yakija, yana tarehe ya mwisho ya kukubali. Soma barua pepe kila siku kipindi hicho, pamoja na folda ya taka. Asiyejibu nafasi yake inakwenda kwa aliye kwenye orodha ya kusubiri, na kwa sababu hiyohiyo aliye kwenye orodha ya kusubiri asikate tamaa mpaka shule zifunguliwe. Na kama fani mnayotaka haipo katika shule ya wilaya yenu, kuna ombi tofauti la kusoma nje ya wilaya, ambalo mwisho wake ni tarehe 1 Aprili.

Sasa darasa la tisa. Sehemu ya mwaka, walau nusu, wanafunzi wapya huzungushwa karakana moja baada ya nyingine: umeme, bomba, uchomeleaji, magari, useremala, mapishi, urembo, uuguzi msaidizi na nyinginezo. Katika shule nyingi kila mwalimu wa karakana anatoa alama, na mwisho mtoto anapanga machaguo yake kwa mfuatano. Umeme na bomba hujaa mapema, na anayepewa ni mwenye alama za juu za mzunguko mzima, zikiwemo za karakana asizozipenda. Hapo ndipo watoto hupotea: anafika kwenye mapishi akiwa ametia moyo wake kwenye umeme, anakaa pembeni, anapata alama hafifu, na zile alama zinamnyima umeme.

Nilichowasisitizia wangu ni vitu vinavyopimwa kila siku: kufika kabla ya kengele, miwani ya kinga usoni muda wote, nywele zimefungwa, viatu vilivyofunika vidole, kusafisha meza bila kuambiwa, na kuuliza swali pale asipoelewa. Mwalimu wa uchomeleaji hategemei mtoto wa wiki ya kwanza atoe mshono ulionyooka. Anatazama kama amevaa glavu kabla ya kugusa chuma, na kama amesubiri kuruhusiwa kabla ya kuwasha. Watoto wetu waliolelewa kunyamaza mbele ya mkubwa wanahitaji kuambiwa nyumbani kwamba huku kuuliza si utovu wa adabu, na kumtazama mwalimu machoni ni kawaida.

Anayetaka fani ya afya ajiandae na kipimo cha kifua kikuu kabla ya kwenda kwenye nyumba za wazee kwa mafunzo. Kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo ya BCG, ile iliyoacha kovu mkononi. Watu wanaona uvimbe, mtoto anapelekwa picha ya kifua, mafunzo yanachelewa. Omba kipimo cha damu, kiitwacho IGRA, kwa kuwa BCG haikiathiri.

Kabla ya kupanga machaguo tulihesabu pia saa za leseni. Uuguzi msaidizi unaanzia saa 75 kwa sheria ya serikali kuu, urembo ni saa 1,000 hapa jimboni, lakini fundi umeme anahitaji saa 600 za darasani na 8,000 za kazi. Masomo ya shuleni yanahesabiwa kwenye safari hiyo, kwa hiyo tunza kila karatasi ya saa anayopewa tangu mwaka wa kwanza. Akifika miaka ya mwisho anaweza kuajiriwa kwa malipo katika wiki zake za karakana. Hapo ndipo atatakiwa kibali cha ajira cha walio chini ya miaka 18 na uthibitisho wa haki ya kufanya kazi Marekani, na huo wa pili ukihitaji kuombwa upya unachukua muda mrefu. Angalia tarehe ya kuisha kwenye kadi yake ya kibali cha kazi akiwa bado darasa la kumi.