Bushi za gari la mbio za udongo: amu lazima ianguke yenyewe

Kabla ya kubadilisha springi kwa sababu gari halikamati kwenye kona, pima bushi kwanza, yaani vile vikombe vidogo vya kwenye maungio ya amu, mikono inayoshikilia magurudumu kwenye chesisi. Weka gari juu ya stendi, toa springi, shokapu na stabilaiza (fimbo inayozuia bodi kulala sana kwenye kona), kisha inua amu ya mbele na uiachie. Kama bushi ni za chuma au poliyurethani (plastiki ngumu), amu ianguke kwa uzito wake. Ikikwama njiani, bushi inabana, na ule mbano unafanya kazi ya springi ambayo hukuichagua. Dalili nyingine huonekana kwenye mizani ya magurudumu manne: ukilibonyeza gari na kuliachia mara mbili, uzito wa gurudumu lilelile hausomi sawa mara zote mbili.

Raba ni habari nyingine. Imegandishwa kwenye bomba la ndani na ganda la nje, kwa hiyo haizunguki, inajipinda. Ndiyo maana boliti zake hukazwa gari likiwa limesimama kwenye kimo chake cha kawaida. Ukizikaza amu zikiwa zinaning'inia, raba itakaa imepindwa muda wote na itachanika mapema. Ikilegea, pembe za gurudumu zinahama unapofunga breki, na mpangilio wote uliopima unapotea.

Amu za mbele huzunguka kwenye mhimili mmoja, hivyo bushi za chuma zenye grisi zinazifaa sana. Nyuma, kwenye ekseli iliyoshikwa na amu nne, mambo hubadilika: bodi inapolala kwenye kona, kila amu inajisokota. Poliyurethani hapo naikataa kabisa. Inakataa kusokotwa, ekseli inabana, halafu nyuma inateleza ghafla bila kumwonya dereva. Tumia raba nzima, au bushi zenye tufe la chuma kama kanuni za daraja lako la mashindano zinaruhusu. Soma kanuni kwanza, maana madaraja ya magari ya kawaida mara nyingi hudai bushi za kiwandani.

Wakati wa kufunga, presi isukume ganda la nje, kamwe isisukume bomba la ndani. Weka kipande cha bomba katikati ya masikio ya amu yasije yakakunjika. Ganda la zamani likigoma, likate kwa msumeno wa chuma bila kugusa amu. Usilichome moto, kwani moshi wa raba ni sumu. Kwenye poliyurethani, hakikisha bomba la ndani limezidi plastiki kidogo kwa urefu, ili boliti ibane bomba. Likiwa fupi, boliti itabana plastiki yenyewe na amu itagoma. Tumia grisi ya silikoni, na usipake grisi ya mafuta ya petroli kwenye raba, huifanya ivimbe.

Adui mkubwa ni kuosha gari. Maji ya presha hupenyeza matope ndani ya bushi za chuma, na matope yaliyochanganyika na grisi husaga kama msasa. Kila baada ya kuosha, pampu grisi mpya mpaka ile chafu itoke yote. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye ganda hadi kwenye amu: mistari isipolingana, ganda linazunguka ndani ya amu na tundu limeshapanuka. Kagua pia matundu ya boliti kwenye chesisi. Tundu likiwa la umbo la yai, bushi mpya haitasaidia chochote hadi lichomelewe na kutobolewa upya.