Uso unaovimba asubuhi

Usiku huu nawaza jinsi uso uliovimba unavyodanganya, pale mshipa mkubwa wa kifuani unaorudisha damu moyoni unapobanwa au kuziba. Mgonjwa huamka kope zimejaa, shingo imenenepa, kifungo cha juu cha shati hakifungiki. Kufikia mchana uvimbe umeshuka, basi anaambiwa ni aleji, au figo, na kupewa vidonge vya kukojoza. Laiti angetazamwa miguu! Figo zikileta maji, kwa kawaida miguu nayo huvimba. Hapa miguu iko salama, ila mishipa ya shingo na kifua imetuna.

Mshipa huo, vena kava ya juu, hurudisha moyoni damu ya kichwa, shingo na mikono. Ukuta wake ni mwembamba na presha ndani yake ni ndogo, hivyo saratani ya mapafu au matezi ya limfoma (saratani ya tezi) huibana kwa urahisi. Wakati mwingine ni damu iliyoganda kwenye mpira wa kupitishia dawa uliowekwa ndani ya mshipa. Mgonjwa akilala, damu hurundikana kichwani. Ndiyo maana asubuhi huwa mbaya zaidi. Mwambie anyanyue mikono yote miwili kwa dakika 1, uone kama uso unazidi kuvimba au kuwa mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri kuona wekundu: angalia kama weupe wa macho umeiva, mishipa ya shingo imetuna na pumzi inabana.

Kichwa cha kitanda kiinuliwe digrii 30 hadi 45, oksijeni iwekwe ikihitajika. Dripu isiwekwe mkononi, maana inamimina maji nyuma ya mshipa ulioziba. Itafutwe njia mguuni. Kisha CT (picha ya kompyuta) ya kifua yenye dawa ya kuonyesha mishipa.

Linaloniumiza ni haraka ya kutoa steroidi, dawa za kupunguza uvimbe. Deksamethasoni miligramu 8 asubuhi na 8 mchana husaidia, lakini ikitolewa kabla ya kuchukua kinyama cha kupima maabara (biopsi), limfoma inaweza kusinyaa na jibu la maabara likapotea. Kama saratani haijathibitishwa na mgonjwa ametulia, kinyama kwanza. Akitoa mlio akivuta hewa, akichanganyikiwa au kusinzia isivyo kawaida, usingojee: ni dharura, na stenti, kijibomba cha kupanua mshipa kwa ndani, ndiyo hufungua upesi, mara nyingi ndani ya siku 1 hadi 3. Mionzi huweza kuchukua wiki 1 au 2. Limfoma na saratani ya mapafu ya seli ndogo huitikia vizuri tibakemikali.

Nyumbani alale kichwa kimeinuliwa kwa mito, avae nguo zisizobana shingo. Na pete zivuliwe mapema, kabla vidole havijavimba.