Bilbo wa Kuchakachua

Anayesema watu wa uswahilini huangalia muvi za mbele kwa ajili ya ngumi tu, huyo hakukaa kwenye banda letu la Mwananyamala mwanzoni mwa mwaka 2013, wiki ile The Hobbit, muvi ya ujana wa mzee Bilbo wa The Lord of the Rings, ilipofika mitaani. Ilikuwa imetoka Desemba. Wenye nafasi zao walishaiona Mlimani City, wamekaa kwenye viti vya sponji. Sisi tuliisubiri kwa wamachinga wa Kariakoo, kwenye zile DVD ambazo jaladani wamechorwa nyota watatu na ndani hayumo hata mmoja.

Banda lilikuwa la mabati, mabenchi ya mbao, luninga ya chogo, na spika imefungwa kwa mpira wa baiskeli juu ya kreti la soda. Kiingilio cha muvi shilingi mia tatu, cha mpira mia tano. Siku hiyo lilijaa kama siku ya Simba na Yanga, watoto wamekaa chini mbele, bodaboda wamesimama nyuma na helmeti zao mkononi.

Hamu yenyewe ilikuwa na sababu. Zile sehemu tatu za The Lord of the Rings, zilizotoka kati ya 2001 na 2003, zilikuwa zimezunguka kwenye deki ya banda lile mpaka diski zikawa zinaruka. Tena tulikuwa nazo za kutafsiriwa. Lufufu alikuwa ameshaifungua njia hiyo hapa mjini: mtu mmoja na kipaza sauti chake, anaishusha sauti ya muvi, anawaigiza wote, mzee, mwanamke na jini, halafu katikati anakugeukia wewe mtazamaji na kukwambia mwangalie huyu, hajui kinachomsubiri. Mtafsiri wa nakala yetu hakuwa yeye, wala jina lake sikuwahi kulijua, lakini sauti ya Bilbo aliipata sawasawa. Alimwita Babu. Alimpa sauti ya kukwaruza na kikohozi kidogo kila kabla ya sentensi. Na kuna pale Babu anapoiona ile pete ya uchawi, inayotaka kurudi kwa mwenyewe, kifuani kwa Frodo, kijana aliyemlea, uso unambadilika ghafla anakuwa zimwi, kisha anarudi kuwa mzee wa watu anayelia kwa aibu. Pale banda zima lilikuwa linaruka, hata waliokuwa wanajua kuwa kinakuja.

Basi The Hobbit ilipoanza na Ian Holm yule yule akatokea na nywele zake nyeupe, anaandika, watu wakapiga makofi. "Babu huyo! Babu bado yupo!" Akakaa nje kuvuta kiko. Punde kidogo hadithi ikarudi nyuma miaka sitini, na kwenye benchi lile akawa amekaa mtu mwingine kabisa.

"Wamechakachua!"

Aliyepiga kelele alikuwa konda mmoja wa daladala, mtu ambaye siku zake za mapumziko zote zilikuwa za banda. Enzi zile kila kitu kilikuwa kinachakachuliwa, dizeli inatiwa mafuta ya taa, kwa hiyo tukacheka. Yeye hakucheka.

"Kijana, Babu naye alikuwa kijana," akamjibu mzee mmoja fundi cherehani. "Ulitaka umri ule akimbizwe na majitu porini?"

"Mbona Gandalf mchawi ni yule yule? Gollum, kile kiumbe cha pangoni, yule yule? Abadilishwe Babu peke yake, kawakosea nini?"

Fundi alikuwa na hoja kuliko alivyojua mwenyewe. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Ian Holm, aliyezaliwa 1931, hakuweza kusafiri hadi New Zealand. Vipande vyake vichache vilipigwa Uingereza. Na huyo mpya, Martin Freeman, hakuokotwa barabarani: mwongozaji Peter Jackson aliipangua ratiba yake ya kupiga picha ili Freeman apate nafasi ya kwenda kuigiza kwenye tamthilia yake ya Sherlock. Lakini hayo yote hayakuwamo bandani siku ile. Bandani alikuwapo konda, na konda alikuwa na jiwe lingine mfukoni.

"Haya. Leo watengeneze muvi ya ujana wa Kanumba, wamweke mtu mwingine. Mzee wangu, utatoa hela yako?"

Banda likanyamaza. Kanumba, nyota wetu wa bongo muvi, alikuwa amefariki Aprili ya 2012, haujatimia mwaka, na picha zake zilikuwa bado zimebandikwa kwenye kila saluni ya mtaa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujibu. Ikatoka sauti nyuma, kwa bodaboda: "Kaka, Kanumba hakuwa anajicheza yeye. Alikuwa anacheza watu. Hata Bilbo ni mtu anayechezwa."

Mpaka leo sijasikia jibu zuri kuliko hilo, na nimeshasoma mengi ya wenye shahada zao. Konda alikaa.

Akainuka tena kwenye pango. Bilbo ameanguka kule gizani, Gollum anamburuta windo lake, pete inamdondoka, Bilbo anapapasa anaiokota. "Simamisha! Bosi, simamisha hapo hapo!" Akageukia watu. "Pete hii Babu alishaiokota. Tumemwona kwa macho yetu, mwanzo wa ile ya kwanza. Alikuwa Babu mwenyewe, siyo huyu."

Mwenye banda hakutaka kabisa kusikia habari za kubadilisha diski katikati ya muvi, lakini kelele zilimzidi. Akaitafuta ile ya kwanza kwenye boksi, akaifuta kwa upindo wa fulana, akaitia. Na kweli. Ian Holm, wamemtia nywele nyeusi na kumpaka ujana usoni, yumo pangoni, anapapasa, anaokota pete. Watoto wakaimba jina la konda. Fundi cherehani akatazama, akavuta midomo, hakusema kitu.

Mimi niko na konda kwenye hili. Mtu akisema sura mpya haimpendezi, hiyo ni shauri yake. Konda hakusema hivyo. Alisema mlinionyesha kitu, nikakishika, halafu mnanionyesha hicho hicho kwa mtu mwingine kama vile sikuwapo.

Wakaanza kudai hela zao. Mwenye banda akasimama mbele ya luninga, mikono kiunoni. "Kiingilio hakirudi. Inayorudi kwa mwenyewe ni pete tu."

Kwa kicheko kile akarudisha The Hobbit. Vikafuata vitendawili vya Bilbo na Gollum, maneno matupu kwa Kiingereza, nakala haina mtafsiri, na watoto wakaanza kusumbua. Konda ndiye aliyeokoa jahazi. Alianza kutafsiri pale alipokaa, kwa sauti ya juu, Gollum akimbana puani na yule Bilbo kijana akimfanyia sauti ya Babu, ile ile ya kukwaruza. Kikohozi tu ndicho alichokiondoa.

Sehemu ya pili ilitoka Desemba 2013, ikatufikia kwa njia ile ile. Kuhusu Bilbo hakuna aliyefungua mdomo. Akatokea Legolas, yule mpiga mishale wa zile za kwanza, na safari hii ni Orlando Bloom mwenyewe, hawakumbadilisha. Konda akasogeza shingo karibu na luninga.

"Huyu naye kanenepa. Miaka sitini nyuma, halafu ndiyo mkubwa?"

"Afadhali wangebadilisha," akasema fundi cherehani.